Gari "Linazima": Uhakiki wa Istilahi za Kueleza Hitilafu za Magari

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuichunguza sentensi moja fupi ambayo madereva, mafundi na watumishi wa serikali huitumia karibu kila siku: "Gari linazima." Sentensi hii huandikwa katika daftari la safari, husemwa katika simu, hunakiliwa katika fomu ya kuombea matengenezo, na mara nyingine huwekwa na mfasiri katika kitabu cha maelekezo ili isimame badala ya sentensi ya Kiingereza. Kila anayeitumia hudhani kwamba ameeleweka. Lakini anayeeleweka hasa ni yule anayeitamka mbele ya fundi, boneti ikiwa wazi, maana fundi huyo ataweza kumwuliza maswali mengine.

Hoja yetu ni kwamba kazi ya istilahi za ufundi wa magari imefanywa nusu. Majina ya vipuri tunayo: injini, breki, gia, betri, plagi, kabureta, koili, pampu. Mengi yameingia katika kamusi, na mengine yamekwisha kukubalika vinywani hata kama kamusi zimechelewa kuyapokea. Lugha ya kueleza namna gari linavyougua bado haijawekwa sawa. Fundi hautambui ugonjwa kwa jina la kipuri. Huutambua kwa maelezo ya tukio: lilianza lini, baada ya nini, kwa ghafla au polepole, na likaisha vipi. Hayo ni mambo ya vitenzi, na vitenzi ndivyo tulivyovisahau.

Neno husafiri kabla ya gari

Tumechagua kuizungumzia habari hii kwa kuitazama kata ya Likunja, wilayani Ruangwa, pamoja na wilaya ya jirani ya Nachingwea, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Nachingwea ni moja kati ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Karanga hazikufanikiwa, lakini matrekta na malori yalikwisha kufika. Watu wa upande huu wa kusini, ambao wengi wao nyumbani husema Kimwera, walikutana na mashine kabla ya kukutana na kitabu chochote cha Kiswahili kilichoeleza mashine hizo. Ndiyo maana istilahi za gereji zina sura ya maneno yaliyoingia kwa masikio: klachi, rejeta, gasketi, tanboi. Hatuoni aibu yoyote katika jambo hilo. Neno lililopokelewa kwa sikio na kutumiwa kwa miaka 70 lina haki ya uraia.

Sababu ya pili ni ya umbali. Gari la zamani likiharibika Dar es Salaam, mwenyewe hulisukuma hadi kwa fundi, na fundi akaliona kwa macho. Likiharibika Likunja, mara nyingi gari hubaki lilipo, na kinachosafiri ni neno. Dereva humweleza mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo huandika kwa ofisa wa usafirishaji. Ofisa humpigia simu fundi au muuza vipuri aliyeko Lindi, Mtwara au Dar es Salaam. Sentensi imepita katika mikono minne kabla ya kipuri kununuliwa. Kama sentensi hiyo haikubeba habari tangu mwanzo, hakuna mkono hata mmoja kati ya hiyo unaoweza kuiongezea habari isiyokuwamo. Fedha za umma zitanunua kipuri kizima kwa ajili ya kuondoa kipuri kingine kizima, na gari la kituo cha afya litaendelea kusimama huku mgonjwa wa kupelekwa hospitali akingoja.

Nyakati nne za kuzimika

Tuchukue mazungumzo ya aina inayofahamika na wengi. Dereva kijana anamfikia fundi mtu mzima. "Shikamoo, fundi. Gari linazima." "Marahaba. Linazima lini?"

Msomaji atazame neno aliloliuliza fundi. Hakuuliza kwa nini, wala hakuuliza kipuri gani. Ameuliza lini. Anajua kwamba gari la petroli lenye kabureta linaweza kuzimika muda mfupi baada ya kuwaka kwa nyakati zisizopungua nne, na kila wakati una sababu zake.

Wakati wa kwanza ni pale ufunguo unapoachiwa. Injini inawaka ufunguo ukiwa bado umekazwa kwenye stata, kisha inazimika papo hapo mkono unapolegea. Katika magari mengi ya zamani, stata inapozunguka koili hupewa umeme wote wa betri kwa njia ya mkato. Ufunguo ukirudi mahali pake, umeme hupita kwanza katika kipunguza umeme, ili koili isiungue. Kipunguza umeme hicho kikikatika, au swichi ya ufunguo ikiwa imelika ndani, koili hukosa umeme mara moja. Hapa kabureta haina kosa lolote.

Wakati wa pili ni baada ya nusu dakika, dakika moja au mbili. Injini inawaka vizuri, inafifia, kisha inazimika. Katika kibakuli cha kabureta hubaki petroli kidogo, nayo hutosha kuiwasha injini na kuiendesha kwa muda. Kama pampu haileti nyingine, au chujio limeziba, injini itazimika kibakuli kikikauka. Lipo pia jambo dogo ambalo wengi hulisahau: tangi la mafuta lisipoweza kuvuta hewa kwa sababu tundu la kifuniko chake limeziba kwa vumbi, petroli hushindwa kutoka kadiri inavyopungua. Fundi hufungua kifuniko na kusikiliza. Hewa ikiingia kwa mvumo, na gari likawaka tena na kuendelea, ugonjwa umekwisha kujulikana bila kununua kitu.

Wakati wa tatu ni baada ya injini kupata joto. Asubuhi gari linawaka bila tabu, nalo linazimika likishapasha. Huenda choki imenasa, ikaendelea kuibania injini hewa wakati haihitajiki tena. Huenda koili au kondensa inashindwa kufanya kazi ikipata joto, kisha ikapona ikipoa. Huenda petroli inageuka mvuke ndani ya mabomba yaliyo karibu na injini, jambo ambalo si la kushangaza katika joto la mkoa wa Lindi kabla ya mvua kuanza. Ugonjwa wa koili wa namna hii una hila: gari likifikishwa kwa fundi limekwisha kupoa, nalo huwaka kana kwamba dereva amesema uongo. Lazima cheche ipimwe wakati ule ule gari lilipozimika.

Wakati wa nne ni pale mguu unapoondolewa kwenye pedali ya mafuta. Injini inakwenda madhali inakanyagiwa, na inazimika ikiachwa inguruma yenyewe. Hapa hutazamwa kijitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta ya mzunguko wa chini, au skurubu zake za kurekebishia, au hewa ya wizi inayoingia katika gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na injini.

Magari ya dizeli yana habari yake. Hayo hayana plagi za cheche wala koili. Dizeli ya zamani inayowaka kwa muda mfupi na kuzimika aghalabu hushukiwa kuwa imeingia upepo, kama wasemavyo mafundi, yaani hewa imepenya katika bomba la mafuta penye kiungo kilicholegea. Fomu inayomwuliza dereva wa dizeli habari za cheche imeandikwa na mtu asiyelijua gari.

Tumeyataja haya kwa kirefu ili wasomaji wetu wasiokuwa mafundi waone ukubwa wa jambo. Wanne wameandika sentensi ile ile, "Gari linazima". Mmoja anahitaji swichi, wa pili anahitaji kusafishiwa kifuniko cha tangi, wa tatu koili, na wa nne gasketi. Sentensi yetu imewafanya wote kuwa mgonjwa mmoja.

Sarufi inayotupa dawa

Hata hivyo, Kiswahili hakikosi nyenzo za kutenganisha mambo haya. Kitenzi *zima* kwa asili hudai yambwa: mtu huzima taa, huzima moto. Anayesema "gari limezima" ameacha nje yambwa, na msikilizaji hajui kama mtu amelizima au limezimika lenyewe. Katika mazungumzo hilo halina madhara, wala hatudai kwamba madereva wafundishwe kusema upya. Katika maandishi, lakini, yafaa tutenganishe: *limezimwa* kwa kitendo cha mtu, *limezimika* kwa lililotokea lenyewe, *linazimikazimika* kwa linalojirudia, na *limegoma kuwaka* kwa lisilowaka kabisa.

Vilevile tunavyo viambishi vya wakati na vya masharti ambavyo lugha nyingine huvitafutia maneno marefu. "Huzimika likipoa" si sawa na "huzimika likishapoa." "Lilizimika nilipoachia ufunguo" ina habari yote anayoitaka fundi katika wakati wa kwanza. Mwalimu wa sarufi anayetafuta mifano ya *-ki-*, *-po-*, *-sha-* na *hu-* hana haja ya kubuni sentensi za sungura na fisi kila mwaka. Gereji itampa mifano ambayo mwanafunzi ataitumia maisha yake yote.

Maneno yanayopotosha

Tuyahakiki sasa maneno manne yanayoleta matatizo katika tafsiri na katika maandishi ya ofisi.

La kwanza ni *kufa*. Waingereza husema kwamba injini imekufa hata kama itawaka tena baada ya dakika moja. Mswahili akisema "injini imekufa," amekwisha kuizika. Anasema kwamba haifai tena, na kwamba itafutwe nyingine. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "injini itakufa sekunde chache baada ya kuwaka" amemtaka ofisa wa usafirishaji atenge fedha za injini mpya. Mfasiri mwingine, anayefanya kazi kwa kamusi tu bila kuuliza, anaweza kupotea zaidi, kwani neno la kawaida la Kiingereza kwa kuzimika huku ndilo pia jina la chumba cha farasi katika zizi na la kibanda cha sokoni. Neno letu kwa maandishi rasmi ni *kuzimika*. Katika mazungumzo tunalo pia *kukata moto*, ambalo ni zuri na lina uhai, ila lina kasoro tutakayoitaja sasa.

La pili ni *moto*. Katika gereji neno hili limebebeshwa mizigo minne. Ni joto la injini, ni cheche ya plagi, ni umeme uliomo katika waya, na ni uhai wa injini inayonguruma. Fundi anaweza kusema, bila kukosea katika lugha yake: "Likipata moto linakata moto, kwa sababu koili haitoi moto ingawa waya una moto." Mwanafunzi wake ataelewa kwa kuwa anamwona anachokigusa. Msomaji wa kitabu haoni kitu. Katika maandishi sentensi hiyo yapasa iwe: "Injini ikishapata joto huzimika, kwa sababu koili haitoi cheche ingawa umeme unafika kwenye waya." Maneno *joto*, *cheche* na *umeme* ni ya kila mtu, hayahitaji kamati ya kuyabuni. Kinachohitajika ni kuyapangia kazi.

La tatu ni *sailensi*. Mafundi wengi wa Tanzania huliita hivyo lile zunguko la chini la injini, gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye mafuta. Husema "gari halina sailensi," au "sailensi iko juu." Bila shaka neno limetokana na ukimya wa injini iliyotulia. Lakini liko karibu mno na *sailensa*, jina litumikalo kwa chombo cha kupunguza kelele katika bomba la moshi. Mwandishi wa ofisini anayesikia "halina sailensi" kwa simu anaweza kuandika kwamba gari limekosa bomba la moshi. Wako watakaopendekeza kulifuta neno *sailensi* kwa kuwa halikutumika sawasawa na lugha ya asili yake. Hatukubaliani nao. Neno la kukopa hutii sheria za nyumba lilikohamia. Tunaona ni afadhali *sailensi* liachwe kwa zunguko la chini, na bomba la moshi lote pamoja na chombo chake liitwe *ekzosi*, kama wengi wanavyoliita sasa. Katika vitabu vya shule mwandishi aongeze mara ya kwanza maelezo mafupi: "sailensi, yaani zunguko la chini la injini."

La nne si neno moja bali ni jozi. Injini hutaka petroli na hewa kwa kipimo. Kiingereza huuita mchanganyiko wenye petroli nyingi kuwa ni tajiri, na wenye petroli chache kuwa umekonda. "Mchanganyiko tajiri" kwa Kiswahili ni kichekesho. Yeyote aliyewahi kupika uji anayo istilahi tayari: *mchanganyiko mzito* na *mchanganyiko mwepesi*. Ukivuta choki unaufanya mchanganyiko kuwa mzito ili injini baridi iwake. Choki ikinasa, mchanganyiko unabaki mzito, plagi zinaloa na kuwa nyeusi, na injini inazimika. Tuseme hivyo, nasi tutaeleweka kutoka Likunja hadi Lamu.

Gari la zamani ni lipi?

Lipo jambo jingine ambalo waandishi wa fomu na wafasiri hawana budi kulitazama. Tuliyoyaeleza juu ya koili na kabureta yanahusu magari ya zama zile Land Rover zilipokuwa gari kuu la ofisi za wilaya. Tangu miaka ya 1980 na 1990 viwanda vilianza kuacha kabureta katika magari mapya ya petroli, vikatumia sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta. Magari hayo yaliyokuwa mapya wakati ule sasa yana zaidi ya miaka 25, nayo yameingia vijijini yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Kwa hiyo "gari la zamani" si istilahi yenye mpaka tena. Moja lina kabureta, la pili lina sensa.

Gari la namna hii ya pili linaweza kuwaka na kuzimika ndani ya sekunde moja au mbili, si kwa kukosa petroli, bali kwa kuwa kifaa chake cha kuzuia wizi hakikuutambua ufunguo. Laweza pia kuzimika katika sailensi kwa kuwa kipima hewa kimechafuka, au vali ya kurekebisha hewa ya sailensi imeganda kwa masizi. Anayelitibu kwa maneno ya kabureta atasafisha asichopaswa kusafisha. Na hapa pia vitenzi havijabadilika: linawaka, linafifia, linazimika. Vipuri hupitwa na wakati. Lugha ya tukio hudumu. Hiyo ndiyo sababu ya kuitanguliza katika kazi ya istilahi.

Mapendekezo

Kwa wafasiri, tunapendekeza wasianze na neno bali waanze na tukio. Kabla ya kuandika kitenzi, mfasiri ajiulize: injini imefanya nini, lini, na itaweza kuwaka tena? Akipata majibu, Kiswahili kitampa kitenzi bila kukilazimisha.

Kwa walimu, hasa wa vyuo vya ufundi stadi, tunapendekeza mwanafunzi apimwe pia kwa uwezo wake wa kuandika maelezo ya hitilafu kwa sentensi tatu, na maelezo hayo yasomwe na mwanafunzi mwingine asiyeliona gari. Huyo wa pili akishindwa kukisia pa kuanzia, wa kwanza hajafuzu.

Kwa watumishi wa serikali, mwaka 1967 Serikali iliamua kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na sheria ya mwaka huo huo ikaliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Uamuzi huo haukukusudia tu kwamba fomu ziwe na maneno ya Kiswahili. Ulikusudia kwamba fomu ziweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Mahali penye nafasi moja iliyoandikwa "Aina ya ubovu," pawekwe nafasi nne: gari ni la petroli au dizeli, na kama ni la petroli, lina kabureta au sindano, linazimika lini baada ya kuwaka, linazimika ghafla au kwa kufifia, na huwaka tena baada ya muda gani. Nafasi hizo hazizidi nusu ya ukurasa.

Kwa wakusanyaji wa istilahi, nasi tukiwa miongoni mwao, tunapendekeza orodha ijayo ya maneno ya ufundi iwe na sehemu ya vitenzi, na sehemu hiyo ikusanywe katika gereji za Ruangwa, Nachingwea na Masasi kama inavyokusanywa katika miji mikubwa. Huko ndiko ambako neno hulazimika kufika peke yake, bila gari.

Dereva aliyeko Likunja akiandika: "Gari ni la petroli, lina kabureta. Huwaka vizuri likiwa baridi, hufifia na kuzimika baada ya dakika mbili, na huwaka tena nikifungua kifuniko cha tangi," ameandika Kiswahili sanifu, na fundi aliyeko Lindi hatahitaji kuagiza kipuri chochote.